Jinsi Nilivyomchora Ciarunji

Usifunge jicho. Kama ningewaambia neno moja tu kisha nirudi jikoni, lingekuwa hilo. Ukichora jicho kwenye stensili, acha duara lako wazi kidogo, upana wa unywele, la sivyo kipande cha katikati kitadondoka na wino utamwagika kupitia hapo. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na watu kumi na wanne, na wote walikuwa na mashimo meusi usoni kama mafuvu. Nilikuwa nimechora hadithi ya harusi. Watu wa Mikinduri walinunua wakidhani ni ya mashetani, na wakaipenda sana.

Nyinyi wasichana wa chama cha uchoraji mmeniandikia barua mkitaka kujua siri ya mafanikio yangu. Siri sina. Mwalimu wenu naye ameongeza chini, kwa kalamu nyekundu, ati niwape maneno ya kuwatia moyo. Hiyo ni kazi ya mhubiri. Mimi nitawaambia kazi ilivyokuwa, na mahali nilipokosea, na mkivunjika moyo basi ulikuwa moyo mwepesi.

Mtacheka mkisikia mwanamke wa miaka ishirini na saba akisema amestaafu. Chekeni. Nimestaafu stensili. Fotokopi imefika Embu mjini, imefika hata hapa Kiritiri karibu na soko, na sasa nachora kwa wino kwenye karatasi nyeupe kama watu wengine. Naweza kufunga jicho pande zote. Naweza kupaka nywele nyeusi tititi bila karatasi kuraruka. Ni vizuri, sikatai. Lakini ile kazi ya miaka tisa, ya nta na chuma na dirisha, imekwisha, nanyi hamtaiona. Mimi mwenyewe tayari naiona kwa mbali, kama Nyambene asubuhi ya ukungu: unajua milima iko, lakini unachoona ni ukingo tu.

Stensili ni karatasi nyembamba ya buluu iliyopakwa nta. Unaiweka juu ya kioo na kuikwangua kwa kalamu ya ncha ya chuma. Pale nta ilipotoka, wino hupita. Halafu unaifunga kwenye mashine, unazungusha mkono, na kila mzunguko unatema ukurasa mmoja. Watu wa ofisi walikuwa na meza za kioo zenye taa chini yake. Mimi nilikuwa na dirisha la jikoni. Nilibandika stensili kwenye kioo kwa uji mzito wa unga, jua likija kutoka nyuma, nikachora nimesimama.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Dunia yote ya nje iligeuka buluu. Mbuzi wakipita nyuma ya karatasi walikuwa buluu, mwanamke mwenye mzigo wa kuni buluu, kilima cha Kiang'ombe buluu juu ya buluu. Na mistari yangu, ambayo ilikuwa ya mwanga mtupu, ilipita katikati yao kana kwamba nilikuwa nawachora wakitembea. Mtoto wa kunyonya mkono huu, kalamu mkono ule, joto la mchana wa Kiritiri likinikalia juu ya kope, nilikuwa silali na siko macho. Watu wa hadithi waliingia wenyewe kama wageni waliozoea nyumba. Mara nyingi nilizinduka nikakuta nimeshachora mkono wa mtu, na mkono wenyewe umeshika kitu ambacho sikukipanga.

Kumbukeni huo mkono. Nitarudi kwake.

Aliyenifundisha ni Bi. Gatwiri, karani wa shule ya wavulana kule kwetu Mikinduri. Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na kazi, nikawa naenda ofisini kwake Jumamosi kumsaidia kuzungusha mashine ya mitihani. Siku moja aliniona nikichora kuku kwenye pembe ya stensili iliyoharibika.

"Kagendo," akaniambia, "hiyo si jembe. Usichimbe."

"Sichimbi, madam."

"Unachimba. Angalia, kuku amekatika shingo." Akanishika mkono juu ya mkono, kama mtoto wa chekechea. "Wewe hasira yako iko kwenye vidole. Ishushe miguuni utembee nayo. Ikikaa mkononi itatoboa karatasi."

Nilimwona mama mwenye maneno mengi. Lakini kila alichonifundisha nimekitumia. Kosa dogo, paka varnishi ya kucha, nyepesi, pulizia, ngoja ikauke, kisha uchore juu yake upya. Varnishi ya bei rahisi ndiyo nzuri. Stensili iliyokwisha kutumika, ifute wino kwa gazeti na uihifadhi katikati ya gazeti lingine, maana siku moja utaitaka. Na usiweke mbili pamoja uchi. Mwaka wa ile mvua ya El Nino paa letu lilivuja, stensili zangu zikashikana, na nilipozibandua nikakuta biarusi wa hadithi moja ametembea akaingia katikati ya mbuzi wa hadithi nyingine. Nikachapa hivyo hivyo. Watu waliniuliza kama kuna sehemu ya pili.

Wanaume ndio walionimaliza. Nimepanga vitabu vyangu kwenye gunia sokoni Muthara, mtu anainama, anafungua, anacheka mpaka machozi, kisha ananiangalia na kuuliza, "Hii nani alikuchorea?" Miaka tisa. Nimeulizwa nikiwa na mimba, nimeulizwa nikiwa na wino mpaka kwenye kiwiko. Mmoja nilimjibu, "Ni mume wako." Hakununua. Nyinyi mkiulizwa, jibuni vile mnavyotaka, lakini kwanza mchukue pesa.

Sasa nije kwa Ciarunji, kwa sababu ndiye mnayemuulizia katika barua, na kwa sababu karibu kazi yote ifie hapo.

Nilipofika miaka ishirini niliolewa huku Mbeere, na Ireri, anayepakia mchanga kwenye malori. Mtoto wetu wa kwanza akawa msichana. Mnajua jinsi ilivyo: msichana wa kwanza ni wa mama wa mume. Akaitwa Ciarunji, jina la mama mkwe wangu. Kwetu pia tunarithisha majina, lakini mimi nililelewa kwa jina la utani mpaka nikasahau nimerithi la nani, kwa hivyo nililichukua jambo hili kama kumpa mtoto shati la mtu. Huku si shati. Ireri alimwita binti yake mchanga "mama", bila kucheka. "Mama amelala?" "Mama amekula?" Jirani wa mlango wa pili aliniambia, "Pole, wewe umejizalia mama mkwe." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Mama, yaani yule mkubwa, alikuwa anakuja kila asubuhi. Anatembea mikono imefungwa nyuma, hata akiteremka mlima. Hazungumzi sana. Kimbeere chake na Kimeru changu vilikutana katikati, na pale visipokutana tuliweka Kiswahili kibovu. Anasema, "Nipe wajina wangu," anamchukua mtoto, wanaenda na mbuzi mpaka jua la saa sita. Mtoto naye alishajifunza kufunga mikono nyuma. Nilikuwa nawaangalia kupitia stensili wakiondoka, mkubwa na mdogo, migongo miwili ya buluu yenye mwendo mmoja, mpaka wakayeyuka kwenye vichaka. Halafu nachora. Zile saa nne ndizo zilikuwa kazi yangu yote. Bila yeye kuja, hakuna katuni. Nataka mlielewe hilo kabla sijaendelea.

Mtoto akiwa na miaka minne nikaanza kumchora. Ningemchora nani mwingine? Alikuwa mwongo mzuri, mwizi wa ndengu, alitoroka kanisani akiwa na viatu vya mtu. Kitabu kikaitwa Ciarunji na Beberu. Msichana mdogo, mikono nyuma kama mzee, anapanda beberu wa boma na kutoroka kazi zote. Beberu anamwangusha mtoni. Anarudi nyumbani amelowa. Kule Mikinduri kiliisha siku moja. Hapa Kiritiri watu walisomeana kwenye foleni ya maji.

Mama alipopita sokoni, mama mmoja muuza ndengu akampigia kelele, "Ciarunji! Leo umekuja na beberu ama umetembea?"

Soko lote likacheka. Mimi nilikuwa hapo na gunia langu, na nilijivuna, nisiwadanganye. Nilifikiri: ona, nimemfanya maarufu.

Kesho yake hakuja.

Nilimngoja mlangoni mpaka chai ikapoa. Siku ya pili pia. Siku ya tatu nikamuuliza Ireri.

"Mama anasema mguu unamuuma," akanijibu, akitafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani.

"Mguu gani? Jana nimemwona akipanda mlima na gunia la mtama mgongoni."

"Basi uliza huo mguu."

"Ireri, usinichezee. Kuna nini?"

Akakaa chini. Ireri akikaa chini kabla ya kwenda kazini, jua jambo ni zito. "Watu wanasema umemchora mama vibaya."

"Nimemchora mtoto wangu!"

"Ndiyo. Ni mama."

"Ni mtoto wa miaka minne anayekojoa kitandani!"

"Hata hivyo," akasema, akaenda.

Nikakasirika. Nilikasirika vile ninavyokasirika hata sasa nikiandika. Niliona wanataka kuninyang'anya kitu kimoja nilicho nacho. Maji nachota, shamba nalima, mtoto nazaa na sina hata haki ya kumpa jina, na sasa hata uso wake si wangu kuuchora? Nikaapa sitaomba msamaha kwa mtu. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, mtoto mkubwa wa miaka minne, miguu yake ikining'inia mpaka magotini mwangu, nikachora hivyo. Majuma mawili. Alinivuta nywele, aliimba sikioni mwangu, alilala akaniachia mate shingoni. Nikaharibu stensili tatu. Na zile ndoto za mchana hazikuja tena. Nilisimama dirishani nikakwangua, lakini ile buluu ilikuwa karatasi tu, na mbuzi nyuma yake walikuwa mbuzi tu. Hapo ndipo niliogopa. Hasira naijua, ni ndugu yangu. Lakini kutoona kitu, hilo sikuwa nimelijua.

Basi nikaenda. Sikwenda kuomba msamaha, nilienda kugombana, ila nikabeba uji, kwa sababu huwezi kwenda kugombana na mama mkwe mikono mitupu.

Nilimkuta uani akipukuchua kunde. Alipokea uji, akanionyesha kigoda. Mtoto akamkimbilia, naye akampakata, akaendelea kupukuchua juu ya kichwa chake. Kunde zinaanguka kwenye ungo. Kisha akaingiza mkono kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni akatoa kitabu changu. Alikuwa amekinunua. Mtu ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja, alikuwa amenunua kitabu. Kilikuwa kimekunjwa ukurasa mmoja tu.

"Huyu ni nani?" Kidole chake juu ya msichana.

"Ni mtoto, mama."

"Anaitwaje?"

"Ciarunji."

"Na huyu mwenye ndara?"

Nilikuwa nimeusahau ule ukurasa. Wallahi nilikuwa nimeusahau. Ni ukurasa wa tano: mtoto anarudi nyumbani amelowa, na mama yake yuko mlangoni, mkono umeinuliwa juu, ndara imeshikwa mkononi tayari kushuka. Ni ukurasa uliochekesha watu kuliko yote.

"Ni mimi," nikasema.

"Mimi sikusoma. Nasoma picha. Sasa ungekuwa mimi, hapo ungesoma nini?"

Nikaokota kunde zilizoanguka chini.

"Beberu sijali," akasema. "Watu wacheke beberu. Lakini pale kisimani waliniuliza kama mkaza mwanangu ananipiga. Hilo nalo nikalimeza, watu wana midomo. Kisha nikakaa hapa nikajiuliza kitu kimoja. Wewe husema hadithi zako unaota. Sasa hii, uliota ama macho yaliona?"

Angalieni alivyonifungulia mlango. Ningesema nimeota, ingeisha. Boma lote lilijua mimi ni mtu wa kuota dirishani. Angerudi kesho yake na mikono yake nyuma.

Lakini mtoto alikuwa hapo mapajani mwake, ananitazama.

"Nilifanya," nikasema. "Sikuota."

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimechora stensili siku tatu. Nilitoka kuchukua kuni, nikarudi nikakuta mtoto amepanda ndoo, ameivuta stensili kutoka dirishani na kuirarua katikati. Alitaka kuona mbuzi wakiwa na rangi yao. Ndivyo alivyoniambia, akifurahi, "Mama, si buluu!" Nikavua ndara nikampiga. Si mara moja. Halafu nikachora upya ile kazi, na nikauchora ule mkono pia, nusu usingizini, na ulipotokea nikauona unachekesha nikauacha. Nilifanya mchezo wa kitu ambacho hakikuwa mchezo. Hilo nawaambia kama fundi: mkono ukikuchorea kitu bila kukuuliza, kiangalie vizuri kabla hujachapa. Huenda ni shahidi.

Nilimwambia mama yote hayo. Hakufoka. Alipuliza maganda ya kunde kutoka kwenye ungo.

"Mtu akipigwa kwenye boma," akasema, "hawezi kurudi hapo asubuhi akijifanya hakupigwa."

Nikaelewa basi. Hakuwa amenikasirikia kwa sababu ya kucheka kwa watu. Alikuwa amepigwa. Mimi nilikuwa nimempiga, mgongoni, kwa ndara, halafu nikamuuza sokoni Kiritiri na Muthara. Jina halikuwa shati.

Nikalia. Sina aibu kuwaambia. Mama akangoja nimalize, kisha akageuza ukurasa.

"Na huyu beberu umemchora vibaya pia."

"Vibaya vipi?"

"Beberu akitaka kukuangusha hainui kichwa hivi. Anashusha kwanza. Anashusha, unadhani amechoka, unalegeza mikono." Akaonyesha kwa kichwa chake mwenyewe, mzee wa watu, akakishusha mpaka kitambaa kikamteleza. Mtoto akapiga kelele kwa furaha. "Kisha hivi!"

"Mama, ulipanda lini beberu?"

"Kabla hajazaliwa mama yako," akasema. Akacheka peke yake, kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu mbali sana. "Wa baba yangu. Mweupe. Alinitupa kwenye miiba, nikasema ni fisi."

Stensili ya ukurasa wa tano nilikuwa nayo katikati ya gazeti, vile Bi. Gatwiri alivyonifundisha. Siku hiyo hiyo mchana nikaibandika dirishani. Mama alisimama nyuma yangu, mara ya kwanza kuingia jikoni mwangu wakati wa kazi. Nikapaka varnishi juu ya ndara, nikapuliza.

"Mkono nao?" nikamuuliza. "Nikiuteremsha itabidi nirarue yote."

Akaufikiria. "Mkono uache juu. Mpe kitu cha kushika."

"Kitu gani?"

"Mtoto amelowa, ametoka mtoni. Ana baridi. Wewe unadhani nini?"

Nikachora kibuyu cha uji. Ule ule mkono, lile lile bega, kidole kwa kidole, lakini sasa mama yule mlangoni alikuwa anakiinua kibuyu amwonyeshe mtoto aliyetoka mbali. Sikubadilisha hata mstari mwingine. Nilipozinduka jua lilikuwa limehama, na nje wanawake wa buluu walikuwa wanarudi na maji ya buluu, na nilikuwa naona tena.

Mkono huo sijauinua tena juu ya mtoto. Sauti, ndiyo, nainua, mpaka jirani anajua. Mdogo wake ni mvulana, amerithi jina la babu yake aliyekufa, na akinimwagia wino namwambia, "Mzee, tafadhali," nikiwa nimeuma meno. Hasira yangu haikwisha. Nimeishusha miguuni. Natembea nayo mpaka kisimani na kurudi, haraka sana, watu wananipisha.

Sasa hivi nina kazi mbili mezani. Moja ni hadithi ya biarusi aliyeingia katikati ya mbuzi, kwa sababu watu hawajaacha kuuliza sehemu ya pili. Nyingine ni ya msichana na beberu mweupe, zamani, kabla ya barabara, na hii siioti, nasimuliwa, na nikikosea mwendo wa mbuzi narudishwa nyuma. Naichora kwa wino, na macho yote yamefungwa. Na stensili ya mwisho niliyochapa maishani ni ule ukurasa wa tano. Nitawatumia nakala moja shuleni.

Mkiishika kwenye mwanga mtaona varnishi haifuti kabisa. Pembeni mwa kibuyu kuna mstari mwembamba, mkanda wa ndara, umebaki kwenye kila nakala. Nilimwonyesha mama siku niliporudi kutoka kwenye mashine, karatasi bado zina harufu ya wino. Aliusogelea mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Utatoka?"

"Hautoki, mama."

"Basi utakaa," akasema. Akafunga mikono nyuma, akatoka uani kumtafuta wajina wake.